Jogoo wa Mbio za Kapata

Dereva wa taksi-moto anaijaza pikipiki yake petroli kutoka kwenye chupa, na harufu yake inanirudisha Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi, kwenye mbio za pikipiki za kila mwaka. Kampuni ilikuwa inaanguka, mafuta yalikuwa adimu, basi kila mwendeshaji alipewa chupa moja tu. Aliyefika mbali zaidi alipata jogoo.

Pikipiki ya jirani yetu Mkasai ilizimika mbele ya nyumba yetu. Baba, aliyekuwa mbioni pia, akasimama, akamgawia petroli yake.

“Tata, uko na wazimu?” jirani akamuuliza, akimwita baba kwa heshima.

“Sasa mi nitashinda nani, kama weye uko kwa miguu?”

Jirani akashinda! Jogoo tukamla pamoja, nyumba zote mbili.

Kisha Wakasai wakafukuzwa mkoani kwetu warudi kwao Kasai, naye jirani akapanda treni na familia yake. Mwaka uliofuata baba alishinda, lakini alikataa jogoo achinjwe.

“Tungojee benyewe,” alisema, akiitazama nyumba tupu ya jirani.

Jogoo yule alinenepa, akatudonoa sote, akazeeka uani kwetu.