Kifuniko cha Glasi ya Maziwa

Juzi binti yangu alichomeka flashi yenye mfumo endeshi mdogo, wa bure, kwenye kompyuta kuukuu, ikaamka. Nikasikia tena kioo kikipasuka na harufu ya ubani wa bibi.

Nilipokuwa mdogo, baba alipewa kompyuta kuukuu hotelini alikofanya kazi. Alipoiwasha, ilitoa mstari mmoja wa Kizungu, ikanyamaza. "Sema," alifoka, akaishindilia mchi wa kinu. Kipande cha kioo kikampasua mama paji la uso. Nilidhani inapigwa kwa kusahau, kama sisi chuoni tukisahau sura ya Kurani.

"Wamuua nani, mwanangu?" bibi alimuuliza, akisogeza glasi yake ya maziwa. Alikuwa ameifunika, nzi wasiingie, kwa diski nyeusi ya kuchomeka, iliyokuja na kompyuta. Leo najua akili yote ya mashine ile ilikuwa humo.