Mnavu wa Nne

Kazini walimwita Mama Lenzi, na jina hilo alilivaa kama wengine wavaavyo nishani. Kioo chake cha kukuzia kilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na hata sokoni hakukivua. Muuza mboga akiapa kwamba mchicha wake umechumwa asubuhi, Mama Lenzi huinama, hutazama, kisha husema, "Wa juzi huu, baba," na bei hushuka yenyewe. Hakuwa mtu wa kujishusha. Mtu anayejua kazi akajifanya hajui, alikuwa akisema, ni mwongo kama waongo wengine.

Alifanya kazi katika chumba cha mimea mikavu cha chuo, kati ya makabati ya bati na harufu ya dawa ya nondo. Mimea ya porini ililetwa mibichi. Yeye aliilaza kati ya magazeti, akainyoosha kwa mkono wa kushoto, maana alikuwa mashoto tangu utotoni, akaibana kwa mbao na mikanda mpaka ikauke. Baadaye aliishona juu ya karatasi ngumu na kuipa jina. Kwenye kutoa jina ndipo watu walipomvulia kofia. Mimea ndugu hufanana mpaka mtu akakata tamaa. Yeye aligeuza jani, akatafuta malaika, vile vinyweleo laini, upande wa chini, akakagua meno ya ukingoni, akaangalia kikonyo kilivyoshika tunda, na kesi ikaisha.

Fahari yake kubwa ilikuwa mnavu. Kwa mpita njia, mnavu ni mnavu. Pale chuoni walitambua aina tatu za porini: wa kwanza tunda lake huiva rangi ya chungwa, wa pili huiva jeusi la kung'aa, na wa tatu huiva jeusi lililofifia, na shina lake limejaa malaika. Mama Lenzi ndiye aliyesema kuna wa nne. Ulifanana na ule wa pili kwa kila kitu isipokuwa kimoja: vikonyo vyake vyote vilipindia upande mmoja, kama watu wanaosikiliza ugomvi wa jirani. Rafu nzima ya karatasi zake ilishuhudia hivyo. Mkuu wa idara aliridhika, ikapangwa kwamba siku ya kumuaga Mama Lenzi anapostaafu, mnavu wa nne utangazwe mbele ya wageni, nao uitwe kwa jina lake.

Binti yake wa pekee alifanya kazi chumba hicho hicho. Yeye ndiye aliyeambiwa auandae mmea wa mama yake kwa ajili ya sherehe. Akaona haipendezi kuonyesha mikavu mitupu, akachukua mbegu kutoka kwenye karatasi za mama na kuziotesha kwenye makopo dirishani. Zikaota, zikachanua, zikazaa. Binti akatazama, akatazama tena, na hamu ya kula ikamwisha.

"Mama," alisema siku moja walipobaki wawili, "nina neno, lakini naomba usinikatize."

"Ukianza hivyo ujue nitakukatiza. Sema."

"Vikonyo vimesimama wima. Vyote."

"Hujatazama vizuri."

"Nimetazama ulivyonifundisha. Huu ni ule wa pili, mama. Ukichumwa mbichi, vikonyo bado ni laini, vinalala kule mkono unakovipeleka. Wengine hawanyooshi kwa kiganja, na karatasi zao hazina vikonyo vilivyopinda. Zako tu."

Mama Lenzi aliinua mkono wake wa kushoto, akaushusha haraka. "We mtoto, mimi nilishika mimea kabla hujajua kushika kijiko!"

"Ndiyo, mama. Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Uamuzi ni wako."

Siku hiyo hakumngoja binti yake. Alirudi nyumbani peke yake, na jikoni masufuria yakapigiwa mifuniko kana kwamba ndiyo yaliyomkosea. Aliumia. Si kwa sababu binti alikosea, bali kwa sababu alihofu kwamba hakukosea.

Kulipokucha aliwahi kazini. Alichuma vijitawi viwili vichanga kutoka kwenye makopo. Kimoja akakilaza kwa mkono wa kushoto, cha pili akakilaza kwa mkono wa kulia, kwa shida, akavibana kwa mbao. Vilipokauka akafungua magazeti. Vikonyo vya kwanza vilikuwa vimepindia upande ule anaoujua. Vya pili vilipindia upande wa pili.

"Nyani haoni kundule," alisema, akaketi.

Aibu ilimchoma, hilo halina ubishi. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikimpanda kifuani, na ilimchukua muda kukitambua, yeye mtambuzi wa kila kitu. Wasomi wangapi walizipitia karatasi zile wakatikisa vichwa kwa kukubali! Walimwamini Mama Lenzi, basi hawakuutazama mmea. Aliyeutazama ni mwanawe peke yake.

Siku ya kuagwa ukumbi ulijaa. Mkuu wa idara alimsifu mpaka jasho likamtoka, kisha akamkaribisha autangaze mnavu wake mwenyewe. Binti alikuwa safu ya mbele, macho chini. Mama Lenzi angeweza kuutangaza. Mbali na wao wawili, hakuna aliyejua.

"Mnavu wa nne haupo," alisema Mama Lenzi. "Ulikuwa mkono wangu wa kushoto."

Minong'ono ikazuka. Mkuu wa idara akauliza, kwa upole, ni nani aliyeligundua hilo.

"Wewe mkuu, hukuligundua. Wala mimi," alijibu, na watu wakacheka kwa wasiwasi. Yeye hakucheka. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kujidai waliyoizoea, imezidi kidogo tu. "Kutenganisha mmea na ndugu yake, wapo wengi wanaoweza, na wengi wao nimewafundisha mimi. Lakini kutenganisha mmea na mkono wa mama yako mzazi, kisha ukathubutu kumwambia usoni! Huyo nimemwona mmoja tu."

Akashuka jukwaani, akamshika binti yake kiwiko, akamsimamisha mbele ya wageni wote.

"Mtazameni vizuri," alisema. "Huyu nimemzaa, na huyu nimemfundisha."