Mchi wa Mama Mkwe na Hita Niliyoifunga Mwenyewe

Aibu niliyoipata mbele ya wakwe, jamani, ningekuwa mtu wa kuhama mji kwa aibu leo mngenikuta Kigoma, lakini nipo hapa hapa Singida, kwa hiyo chekeni mpaka mchoke.

Enzi zile za Ujamaa nilikuwa karani mjini, nyumba yangu ina umeme (siku jenereta la mji likijisikia), nimemposa Zena wa kijijini Mgori, na mama yake akatuma habari kwamba anakuja na mjomba mtu kuona mwanawe atakaa wapi kabla hajatoa neno la mwisho. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi na upepo wetu mnaujua, nikasema wageni hawa wataoga maji ya moto ya umeme, halafu tuone watakavyoninyima mtoto. Nikanunua hita ya kutumbukiza kwenye pipa. Mwenye duka akanisihi nimwite fundi, lakini kwa kuwa kila mkutano tulihubiriwa kujitegemea, nikaona fundi wa nini, si waya tu? Waya zilikuwa tatu na plagi yangu ina vijiti viwili, basi ule wa kijani nikauona wa ziada, nikaukata (na nikajisifu).

Mjomba akaoga wa kwanza. Tulimsikia akiimba, mara wimbo ukakatika, mlango wa bati ukafunguka, akatoka mbio na povu mwili mzima, taulo limebaki ndani, akapita mbele ya dada yake na majirani waliokuwa wakitwanga uwele uani. Akasema pipa lina shetani. (Dada yake alikuwa ameshageukia ukuta.) Nami, badala ya kukimbilia swichi kubwa nizime, nikakimbilia bafuni kumwonyesha kuwa pipa ni zima, miguu peku kwenye maji, nikalishika kwa mikono miwili. Likaning'ang'ania. Nikatetemeka, sauti haitoki, na nilijua kabisa kwamba nakufa.

Sasa kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani, hivyo yule mama kunivuta hakuthubutu. Akampokonya jirani mchi, akaja akanichapa mikono nao mpaka nikaachia, nikaanguka chali. Baadaye fundi alitueleza kwamba waya mmoja niliuacha wazi ukagusa pipa, na ule wa kijani niliokata ndio ungeupeleka umeme ardhini; tena mama angenishika kwa mkono, tungekufa wote wawili. Heshima ndiyo iliyotuokoa.

Lakini jioni ile mjomba (amevaa koti langu) akaleta shauri zito: mkwe kupigwa mchi na mama mkwe, ni kuguswa au si kuguswa? Kama ni kuguswa, uchumba umekwisha. Wazee wa jirani wakavutana, nami nimekaa na mikono iliyovimba, moyo unaniuma, namwona Zena anakwenda hivi hivi. Mwisho wakamuuliza mama mkwe mwenyewe. Akajibu kwa utulivu, amenipa mgongo, wakati kila mtu anajua hakutwanga hata punje:

"Mimi nilikuwa natwanga uwele. Huyo kijana ndiye aliyeleta mikono yake chini ya mchi."

Shauri likaisha hapo. Zena nikampata, na tangu siku ile umeme siugusi. Hata balbu ikiungua tunakaa gizani mpaka fundi aje, na kama mama mkwe yupo, hakuna anayelalamika: gizani hana haja ya kunipa mgongo.