Salamu Ziishie Mlangoni

Pale hospitalini walimwita Mama Maswali, na jina likamkaa. Alikuwa muuguzi tangu ujana wake, lakini utafiti wa dawa mpya ya saratani ulipoanza, akapewa kazi moja tu: kukaa na mgonjwa kwenye chumba kidogo chenye meza na viti viwili, kumsomea maswali na kuandika majibu. Mashine zilipima damu na ukubwa wa uvimbe. Yeye alipima yale ambayo mashine haiyajui: mtu analalaje, anapanda ngazi vipi, bado ana hamu ya kucheka? Dawa inayomwongezea mtu miaka huku ikimpokonya kila kilichomfanya aitamani miaka hiyo haijashinda kitu. Na asipoulizwa mwenyewe, nani atajua?

Masharti yalikuwa makali. Asome swali kama lilivyoandikwa, asimtilie mgonjwa maneno mdomoni.

Siku hiyo alikuja Fundi Suti, mshonaji mwenye maneno mengi. Mama Maswali alimkuta kwenye korido, mkewe amemwinamia kifuani, anamfunga vifungo vya shati.

"Si mbele za watu, mke wangu," fundi alinong'ona.

"Haya, funga mwenyewe tuone."

Hakujaribu.

Wakaingia chumbani. "Karibu, kaka. Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na kazi?"

"Inakwenda, dada. Tunashukuru."

"Katika wiki iliyopita, ulipata usingizi vizuri?"

"Vizuri."

"Ulikuwa na ganzi vidoleni?"

"Hata kidogo."

Kalamu ikasita. Macho yake yalikuwa yameona vifungo, lakini fomu ile haikutaka macho yake. Ilitaka kauli ya mgonjwa. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Huyu haongopi, anaitikia salamu! Yeye mwenyewe ndiye aliyemsukuma kwenye mteremko wa nzuri, nzuri, nzuri, kisha akategemea asimame katikati. Mtu aliyelelewa akaleleka atamjibu vipi "vibaya" mtu anayemjulia hali? Na ni wangapi waliomjibu hivyo, hata daktari akaanza kusema dawa hii haina madhara makali?

Akaweka kalamu chini. "Fundi, nimekosea mimi. Hebu tutoke."

Mkewe akashtuka kuwaona. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza salamu, wifi."

Wakarudi ndani, akafunga mlango. "Humu hamna hujambo. Jibu lako halitanifurahisha wala kuniudhi. Naanza upya."

Fundi akauliza kwa sauti ya chini: "Dada, nikisema vibaya mtaninyima dawa? Uvimbe umeanza kunywea."

Angependa kumwapia kwamba hapana. "Sijui," alisema. "Daktari anaweza kuipunguza, anaweza kuisimamisha. Siwezi kukuahidi. Ila asichoambiwa hawezi kukishughulikia, na madhara mengine yakiachwa hukomaa."

Fundi akaitazama mikono yake. "Mke wangu kila siku ananiimbia, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Anasemaje tena?"

"Aa, ukitaka yote, dada, hiyo karatasi haitatosha."

Wakacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Mama Maswali akasoma swali la ganzi polepole, pamoja na majibu ya kuchagua: hata kidogo, kidogo, kiasi, sana.

"Sana," fundi alisema. Na bwawa likapasuka. "Sindano siisikii. Jumatatu nilijichoma, nikajua nilipoona damu kwenye kitambaa cha mteja. Nikamwambia kitambaa kimekuja na doa lake. Mimi! Niliyekuwa natia uzi huku naangalia barabarani."

Aliandika neno moja tu, maana nafasi ilikuwa ya neno moja. Walipomaliza hakuiweka fomu kwenye rundo. Alikwenda nayo moja kwa moja kwa daktari.

Daktari alimgusa fundi vidole kimoja kimoja, huku fundi amefumba macho, akikosea kutaja kilichoguswa.

"Tunapunguza dozi. Vidole huenda vikarudi, huenda visirudi vyote."

"Na uvimbe?"

"Tutaufuatilia kwa karibu. Na wewe usitufiche tena."

Kwenye korido mkewe alisimama. "Wamekunyima?"

"Wamepunguza."

"Kwa hiyo umewaambia."

"Nimewaambia."

Mke hakusema "si nilikwambia." Aliketi kwenye benchi, akavua viatu, akanyoosha miguu kama mtu aliyetua mzigo wa watu wawili.