Nafasi Moja Kwenye Meli ya Jeddah

Treni ilipoingia Mombasa, Aruna hakushuka mara moja. Alibaki amekaa. Siku ya tano ilikuwa inakwisha tangu watoke Beni, na magoti yake yalikuwa hayasikii tena amri. Kadogo, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amemlalia pajani na kumlowesha. Masika, dada yake wa miaka saba, alikuwa dirishani.

"Tate, batu banashuka."

"Ninaona."

"Na sisi?"

"Tutashuka."

Tate ndiyo babu, kwa watoto wa kwao. Siku hizo Aruna hakuwa na maneno mengi zaidi ya hayo. Maneno ya nyumba yalikuwa ya mkewe Amina, na Amina walimzika Beni katikati ya Ramadhani. Sasa mwezi wa hija ulikuwa umekaribia.

Safari yenyewe ilikuwa ya Amina. Aruna, kama si yeye, asingevuka hata Kampala. Alikuwa mtu wa kubeba. Zamani za Wabelgiji alibeba mawe ya barabara ya Irumu. Baadaye akawa utingo wa lori la Mgiriki, halafu dereva wake, na uzeeni akapata lori lake mwenyewe, akawa anashusha maharagwe kutoka Butembo na kupandisha chumvi na vitenge kutoka Kasindi. Shule hakuiona ndani. Dini alizaliwa nayo, akaswali kama mtu anavyofunga mlango jioni, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Amina yeye alikuwa binti wa Muyisa, mkulima Mkatoliki wa Butembo, upande wa mto Kimemi. Aliingia dini kwa ajili ya mume, kisha akampita mume.

Mwaka wa uhuru, watu walipokuwa wanazungumza bendera, Amina alisema, "Bazungu bameenda, njia imefunguka. Twende Maka." Aruna akajibu, "Tutaenda." Alijibu hivyo miaka minne. Halafu wakaja waasi. Mtoto wao Asumani, baba wa Masika na Kadogo, aliondoka na lori kuelekea Stanleyville siku chache kabla njia haijafungwa. Hakurudi yeye, halikurudi lori. Mama wa watoto alikuwa amekufa zamani, alipomzaa Kadogo. Basi wazee wawili na watoto wawili wakakimbilia porini upande wa Oicha, wakalala juu ya majani miezi kadhaa. Vita vilipopoa wakarudi Beni, na Amina akarudi na kikohozi.

Hata hivyo hakuacha. Walikata nafasi mbili za meli kwa njia ya wafanyabiashara wa Kampala, wakauza kiwanja cha Butembo. Siku za mwisho, akiwa kwenye mkeka, alimwita mumewe.

"Utaenda?"

"Tutaenda."

"Usiniambie tutaenda. Sema nitaenda."

"Nitaenda."

Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho kati yao. Nafasi ya Amina ilirudishwa, ikageuka nauli ya watoto kwenye treni. Maana watoto hawakuwa na pa kuachwa. Stanislas, mdogo wake Amina, aliwataka Butembo, lakini nyumba yake ilikuwa na wakimbizi kumi na wanne waliokuwa wanalala kwa zamu. Tena Kadogo, tangu mazishi, alikuwa ameshika koti la babu yake na hakuliachia hata kwa kula. Aruna akasema itajulikana huko mbele.

Sasa huko mbele walikuwa wamefika.

Mahujaji wa bara walikuwa wanafikia Majengo, kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Mwanatumu. Alikuwa na uwanja mkubwa, vyumba sita na ulimi mrefu. Alisimama mlangoni akawatazama watatu hao, koti lililolowa, nyuso zilizojaa masizi ya treni.

"Mzee, hija unakwenda nayo au unahama nayo?"

"Ninaenda."

"Na hawa?"

Aruna akawatazama watoto kana kwamba ndiyo kwanza awaone. "Hawa ni batoto."

"Hilo naliona. Ingieni, msije mkaniangukia mlangoni." Alipowaletea maji akaendelea, "Na hicho Kiswahili chenu mmekipitishia wapi, mbona kina vumbi hivyo?"

"Kilikuja na lori," akasema Aruna.

Bi Mwanatumu akacheka hadi akashika ukuta. Tangu hapo akawa upande wao.

Lakini mji haukuwa upande wao. Joto lilimtoa Kadogo vipele shingoni mpaka mgongoni, akawa analia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Chooni aliogopa. Chini ya neti aliogopa, akasema amefungwa kama kuku. Wali wa nazi aliuonja, akautoa ulimini kwa kidole.

"Hii iko na sabuni."

"Msikieni," akasema Bi Mwanatumu. "Nazi yangu ndiyo sabuni. Anataka nini, mfalme?"

"Bugali ya muhogo," akasema Masika.

"Ugali wa muhogo huku ni chakula cha njaa."

"Kwetu ni chakula," akasema Aruna.

Kesho yake unga wa muhogo ulionekana jikoni, na hakuna aliyesema umetoka wapi.

Siku ya tatu Aruna aliwapeleka kuona bahari, kwa kuwa Masika hakumpa nafasi ya kupumua. Walikwenda polepole, babu anasimama kila kivuli. Maji yalipovuta mchanga chini ya miguu ya Kadogo, mtoto alipanda juu ya babu yake kama anavyopanda utingo lori linapoanza kuondoka, akakataa kushuka. Masika akachovya kidole, akalamba.

"Tate, nani aliweka chumvi?"

"Sijui."

"Nyanya angejua?"

"Nyanya alikuwa anajua mengi."

Wakarudi. Kadogo hakushuka begani njia nzima, na jioni Aruna aliswali amekaa.

Meli ilikuwa imefika Kilindini. Ingeondoka baada ya siku nne. Ofisini karani alisema watoto hawana nafasi na meli imejaa, jambo ambalo Aruna alilijua tangu Beni na hakutaka kulitazama. Aliporudi, Bi Mwanatumu alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Waache hapa. Unakwenda, unarudi, unawakuta wamenenepa. Miezi miwili mitatu si maisha."

"Bi Mwanatumu, Kadogo analia."

"Nimelea saba, wote walikuwa wanalia. Mmoja sasa ni polisi."

Aruna akakubali. Alikubali kama mtu anavyokaa chini.

Aliyeleta neno ni kaka wa Bi Mwanatumu, Maalim Shomari, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwembamba asiyependa kelele. Yeye alikuwa amehiji mara mbili. Aliketi karibu na Aruna baada ya alasiri.

"Mzee Aruna, nikuulize. Kule wazee hufa. Joto, msongamano. Wengine huomba wafie huko. Ikitokea kwako, hawa tuwapeleke wapi?"

"Beni."

"Beni mimi siijui. Dada yangu haijui. Umeandika mahali?"

"Siandiki."

"Basi mtoto ajue. Huyu mkubwa."

Ndiyo ikawa kazi. Asubuhi na jioni, Aruna alimkalisha Masika juu ya gogo uani akamfundisha njia, kituo baada ya kituo, kama sura ya Kurani. Barabara ndicho kitu pekee alichokijua vizuri duniani, na mtoto alikuwa na kichwa. Siku ya pili aliimudu yote, na lori akaliita camion kama kwao.

"Mimi ni Masika, binti ya Asumani, mujukuu ya Aruna mwenye camion. Kwetu ni Beni. Unatoka Mombasa, unapita Nairobi, unapita Kampala, unafika Kasese, treni inaishia pale. Unatafuta camion ya Kasindi. Kwenye mupaka unasema uko mutoto ya Beni. Unavuka. Unashuka ku musikiti, unahesabu nyumba ine upande wa kuume."

"Huyu atanirudisha hata mimi," akasema Bi Mwanatumu.

Usiku mmoja ukabaki. Jioni Aruna akasema, "Sema tena." Masika akasema tena, bila kosa, anachezea vidole vya miguu. Alipofika kwenye nyumba ya nne akaviacha vidole.

"Na nikifika, nitabisha kwa nani?"

"Kwa nyanya," akasema Aruna.

Lilitoka lenyewe. Mdomo ulikuwa umezoea. Masika alimtazama, akangoja. Hakulia. Alikuwa amesimama kando ya kaburi kama wengine.

"Kwa tate Stanislas," akasema Aruna.

"Ule iko Butembo. Njia ya Butembo haukunifundisha."

Kweli hakuifundisha. Aliiona ile njia, milima yake na kona zake, kisha akaiona nyumba ya Stanislas na watu kumi na wanne wanaolala kwa zamu, na mlango wa nne baada ya msikiti, umefungwa kwa waya aliousokota mwenyewe. Mtoto anaweza kufundishwa njia nzima kutoka baharini. Mtu wa kumfungulia hafundishwi. Akakaa. Kadogo alikuwa amelala, ngumi moja ndani ya koti.

"Enda ulale," akasema.

"Nilikosea?"

"Hapana. Ulisema vizuri."

Maalim Shomari alikuwa bado barazani. Aruna alikuja akasimama mbele yake.

"Maalim. Mutu anaweza kuhiji kwa ajili ya mwingine?"

"Kwa ajili ya maiti, ndiyo. Ila awe amekwisha kuhiji mwenyewe."

"Wewe uliisha kuhiji."

"Mara mbili."

"Basi enda ya tatu. Chukua nafasi yangu. Enda kwa Amina."

Maalim akavua kofia, akaivaa tena. "Na wewe? Faraja ya uzeeni ni hii. Mwakani utaweza?"

"Mwakani sitaweza. Kiwanja kilikuwa kimoja."

"Ulimwahidi nini marehemu?"

"Nilimwambia nitaenda."

"Basi ahadi hiyo utakuwa umeivunja. Mimi siwezi kukudanganya."

"Nitakuwa nimeivunja," akasema Aruna. "Lakini niko na batoto."

Kutoka ndani ilisikika Bi Mwanatumu akimfukuza mbu na kumtukana mama yake.

"Amina binti nani?" akauliza Maalim.

"Muyisa."

"Muyisa. Hilo jina silijui."

"Ni ya baba yake. Mukatoliki. Alikuwa analima maharagi."

"Haidhuru. Jina ni la kumjua mtu." Akalisema polepole, akalirudia, mpaka likakaa. "Amina binti Muyisa. Na lako nikalitaje kwenye dua?"

"Kama nafasi itabaki."

Asubuhi walikwenda ofisini. Karani alilalamika kuhusu karatasi, akagonga mihuri, akamvuta Aruna kidole gumba akakibandika kwenye wino.

"Mzee, umetoka Kongo mpaka hapa, halafu unarudi?"

"Ndiyo."

"Umeambulia kuiona bahari tu."

"Niliiona," akasema Aruna.

Bi Mwanatumu hakumsemesha waliporudi. Alikuwa na hasira, hakujua na nani. Baadaye alifunga vikate ishirini vya bumunda kwenye kitambaa, akaviweka juu ya mzigo wao, akasema ni vya watoto, mzee asiviguse.

Mchana walikwenda Kilindini kumsindikiza Maalim. Umati ulikuwa mkubwa, wake kwa waume, wanalia na kupeana majina ya kuombewa. Aruna aliwaweka watoto mbele ya kifua chake, mgongo wake kwa watu. Alitaka kuiona meli ikiondoka. Hilo moja alilitaka. Angemweleza Amina kaburini jinsi ilivyogeuka, ina rangi gani, moshi ulikwenda upande upi. Honi ikalia.

"Tate," akasema Kadogo. "Kojo."

"Ngoja."

"Inatoka."

Aruna akambeba. Akampitisha kati ya watu, kuomba radhi hapa, kukanyagwa pale, mpaka nyuma ya ghala moja la kahawa. Pale akainama, magoti yakalia, akashika kaptula ya mtoto isilowe, maana nyingine ilikuwa haijakauka. Kadogo hakuwa na haraka. Alipomaliza alitaka kutazama mjusi ukutani. Upande wa pili watu walipaza sauti zote kwa pamoja, kisha sauti zikapungua.

Waliporudi, mahali pa meli palikuwa na maji, na maganda ya ndizi yanaelea. Masika alikuwa pale pale alipoachwa.

"Imeenda, Tate."

"Ninaona."

"Maalim alipunga mukono."

"Kwetu?"

Masika akafikiri. Hakuwa mtoto wa kudanganya. "Hapana. Kwa ule mama wa kanga nyekundu."

Aruna akatikisa kichwa. Watu walikuwa wanatawanyika, wanafuta nyuso, wanauliza chai iko wapi. Akakaa juu ya kamba nene iliyozungushwa gatini, akamweka Kadogo kwenye paja moja, Masika akaja mwenyewe kwenye lingine, ingawa alikuwa ameshakua. Walikuwa wazito. Treni ya bara ilikuwa ya jioni, na stesheni ilikuwa mbali.

"Tunangoja nini?" akauliza Masika.

"Miguu," akasema Aruna.