Plastiki ya Mtani

Watu wananiulizaga: mama, ile plastiki ya maji ya kutengenezea chambo unachukua kwa nani? Nawaambia nendeni Boko, kuna kijana ana duka la vifaa vya uvuvi, chupa zake zimefungwa vizuri, hana neno. Basi. Wakitaka nieleze zaidi najifanya nina haraka, nashika ndoo naelekea bombani. Wengine wanadhani nabana siri ya kazi. Siri gani jamani! Kazi yenyewe sifanyi tena.

Mwenye kazi alikuwa mume wangu. Yeye ni Mmakonde, mchonga vinyago, na mie ni Mzaramo wa hapahapa Mbagala, nimezaliwa huku kabla ya nusu ya hizi nyumba. Siku moja alikuja mvuvi wa Mbweni na chambo cha plastiki laini mfukoni, kimetafunwa na samaki mpaka kimebaki kichwa. Akauliza, fundi, unaweza kunitengenezea kama hiki? Mume wangu akakigeuza geuza, akakivuta, akakinusa, mwisho akasema nipe muda.

Akachukua kipande cha mpingo, akakipasua katikati, akaanza kuchonga kinyume. Maisha yake yote alikuwa anachonga samaki, sasa anachonga tundu la samaki. Kila gamba alilitia, jembamba kuliko kucha ya mtoto, na jicho, na mkia. Ukifunga vile vipande viwili kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ukamimina plastiki ya moto kwa juu, ukasubiri ipoe, ukifungua anatoka dagaa mzima, laini, mkia unatikisika. Samaki kolekole wa Mbweni walikuwa hawaulizi mara mbili. Ndiyo ikawa kalibu yetu, na vinyago vikakaa pembeni.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia, na mdomo. Neno moja tu ndilo lililobaki: "Haya." Akitaka maji, haya. Akikasirika, haya. Miezi mizima alilala amegeukia ukutani, nikimlisha uji unamwagikia shingoni, haniangalii. Jamani, niliomba dua zote ninazozijua, na nyingine nikatunga mwenyewe.

Kilichomgeuza ni ile kalibu. Siku moja nilikuwa uani nachemsha plastiki ili nimtengenezee yule mvuvi vyambo alivyotuachia oda. Plastiki ile ukiinunua ni nyeupe, unaweza kuidhania maziwa. Ukiiweka kwenye moto mdogo huku unakoroga inaganda, halafu inalainika tena, inang'aa, na hapo ndipo unatia rangi. Nikasikia kitu kinaburuzwa. Kugeuka, mume wangu! Amejikokota kwa ukuta mpaka mlangoni, jasho linamtoka. Nikamvutia kigoda. Akaibana kalibu katikati ya magoti, akachukua upawa kwa mkono wa kushoto, akamimina. Nusu ilimwagika chini. Lakini dagaa alipotoka, alimpitishia kidole gumba mgongoni, taratibu, gamba kwa gamba, akasema, "Haya." Ile haya haikuwa ya maji wala ya hasira. Nililia mbele ya jiko, nikasingizia moshi.

Tangu hapo kila asubuhi anakaa kwenye kigoda. Ile kalibu ilikuwa kitu cha mwisho kutengenezwa na mkono wake wa kulia, na mkono wa kushoto ulikuwa unaufuata wa kulia kule ndani ya mpingo. Watu waliniambia pigeni kalibu nyingine ya jipsamu kwa kutumia vyambo vya zamani. Kweli, dagaa wangetoka. Ila yeye asingeshika jipsamu, nilishamjaribu, aliitupa chini. Kwa hiyo mie nilijua kitu kimoja tu: kalibu ile ikifa, mume wangu anarudi ukutani, na safari hii hageuki.

Sasa basi. Mama mmoja wa Kariakoo aliyekuwa anatuuzia plastiki akaacha kuileta. Akaniambia hivihivi, mteja wangu, haina soko. Nikabaki na kibakuli kimoja ndani ya nyumba.

Mtu asiyejua atasema, si ununue popote? Ala! Plastiki mbovu haiishii kutoa chambo kibaya. Ikiwa imechakaa haiivi sawasawa, inabaki na ulimbo, inang'ang'ania kalibu. Kwenye kalibu ya chuma utakwangua, yaishe. Kwenye mpingo wenye magamba membamba namna ile, utakwangua nini? Nikawa naahirisha kwenda kwa muuzaji mpya, na kile kibakuli kilikuwa kinapungua.

Nikaenda Boko. Yule kijana alinipokea vizuri mno. "Shikamoo mama, karibu mama, kaa hapa kwenye feni." Chupa zimepangwa kwenye kabati la kioo. Nikamwambia fungua moja ninuse. Akacheka kwa adabu, akasema mama, hii ikifunguliwa haiuziki, lakini niamini, ni mzigo wa uhakika. Nikamwambia basi nipashie kidogo nione inavyoiva. Akasema mama, hapa dukani hatuna jiko. Kila sentensi mama, mama. Mie mtu akinilainishia maneno hivyo nashika pochi yangu vizuri. Nikaondoka mikono mitupu, najiona mjanja.

Nikarudi Mbagala kwa mtani wangu.

Huyu ni Mnyamwezi, umri wa mdogo wangu wa mwisho, ana banda la kuuza rangi, gundi na madawa ya viwandani, na kwenye kona alikuwa na pipa la plastiki ya maji alilolipata kutoka kiwanda kimoja cha kandambili kilichofungwa. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, wao wakishuka pwani na mizigo kichwani. Hajawahi kunisalimia kama binadamu. Akiniona kwa mbali anapiga kelele: "Ee! Huyu bado hajafa? Nimeshaandaa jembe!" Namjibu, "We mpagazi, toka uje ubebe mkoba wa bibi yako!" Watu wa pale wanakaa pembeni kutusikiliza. Alipofiwa na mama yake mie ndiye niliyekwenda kujilaza mlangoni nikakataa jeneza lisitoke mpaka nilipwe kuku, na yeye, macho mekundu, akacheka. Ndiyo kazi ya mtani. Kwenye msiba ndugu wanalia, mtani anatania, hata mbele ya maiti.

Nikamwambia shida yangu. Akaniangalia.

"Usichukue hii," akasema. "Hii imekufa. Imekaa juani mpaka imeoza."

"Imeoza kama michembe yenu ya viazi?"

"Mzaramo, nakwambia itagandia. Nenda Boko."

"Boko! Unanifukuza kwako? Au unaona nitaiba pipa?"

"Nyie si mliuza viwanja vyote mkachezea ngoma, sasa unataka kuuza na kalibu ya mumeo?"

Banda zima likaangua kicheko. Mie ndiye niliyecheka kuliko wote. Nikachukua kopo, nikachota mwenyewe, nikanusa, harufu nikaiona ileile. Akasema, "Haya chukua. Ikikung'ang'ania usije kunililia hapa." Nikamjibu nitakuja kukulilia siku ya kukuzika. Nikatoka na kopo langu, moyo mweupe. Mwenzangu, miaka yote ile alikuwa hajaniambia neno moja la kweli bila kulifunga kwenye tusi, na mie kila tusi lake nilikuwa nalichukulia kuwa mapenzi. Yeye alijua ameniambia. Mie nilijua ametania.

Kwa kawaida plastiki mpya naijaribu kwanza kwenye kisosi. Asubuhi ile niliwasha jiko, nikaanza kukoroga, nikawa natafuta kisosi. Mume wangu akasikia mwiko. Siku mbili tatu alikuwa hajatoka kwa sababu kibakuli kilikwisha, na nilishaanza kuona shingo yake inaelekea ukutani. Sasa huyo anakuja, anaburuza mguu, ameibana kalibu kwapani. Alikaa akaiweka katikati ya magoti, akanyoosha mkono wa kushoto kuomba upawa. Macho yake, jamani. Ningemwambia subiri? Ningemwambia kaa, nitafute kisosi? Sikuwa na roho hiyo. Nikampa upawa.

Alimimina vizuri kuliko siku zote. Hakumwaga hata tone.

Tulisubiri. Nikaona kwenye sufuria ile iliyobaki haing'ai, imekuwa ya njano, juu inatoa mafuta. Nikashika kalibu, nikasema ngoja, tuiache, ipoe zaidi. Akaivuta kwake. Akavua ukanda wa tyubu kwa meno. Akajaribu kufungua, haikufunguka. Akaibana kwa goti akaivuta kwa nguvu zote za mkono ule mmoja.

Ilifunguka kwa mlio. Plastiki ilibaki upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa imebandua magamba. Yalitoka nayo, meusi, yamejipanga kwenye ule ulimbo wa njano, mstari kwa mstari. Kule kwenye mpingo palibaki laini. Nikapiga yowe mpaka jirani akachungulia. Yeye hakusema haya. Alibandua gamba moja kwa ukucha, akaliangalia, likamdondoka. Akainuka mwenyewe, akarudi ndani, akalala akageukia ukutani.

Siku ile nilimtukana Mnyamwezi matusi ambayo si ya utani. Nilimtukana peke yangu, nafagia uwanja, nikafagia mpaka hapakuwa na cha kufagia. Nilipika uji, haukunyweka. Nikampangusa uso, alifumba macho. Nikamwambia tutatengeneza nyingine, nikasikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyo ya kijinga. Nani atatengeneza?

Habari zilimfikia mtani. Alikuja kesho yake mchana. Nilimsikia anapiga hodi, hodi ya kistaarabu, mara tatu. Akavua viatu. Akavua kofia. Akainamisha kichwa mlangoni, akasema:

"Shikamoo mama."

Nikakaa chini palepale. Mtani anatania hata mbele ya maiti. Mtani wako akikuamkia shikamoo, ujue ameona ndani ya nyumba yako kitu kinachozidi maiti.

"Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia imekufa."

"Ulikuwa unatania."

"Sikutania, mama. Nilidhani umejua."

"Usiniite mama." Nilimshika mguu wa suruali, mtu mzima mie, nalia kamasi zinanitoka. "Nitukane. Nakuomba nitukane. Sema lolote, sema Mzaramo, sema ngoma."

Alifungua mdomo. Akasema, "We Mzaramo..." halafu sauti ikamkatikia, akageuka pembeni.

Kitandani kukasikika kugonga. Mume wangu alikuwa anapiga ubao wa kitanda kwa ngumi ya kushoto, ko, ko, ko. Nikamwendea. Alikuwa amegeuka. Alinyoosha kidole kwenye kalibu iliyokuwa kwenye meza. Nikampa, nikajua anataka kuitupa. Hakuitupa. Aliiweka kifuani, akapitisha kidole gumba ndani yake, kichwani, kwenye jicho ambalo lilikuwa bado lipo, halafu mgongoni, palipokuwa laini. Alirudia tena na tena pale palipokuwa laini. Kisha akaifunga, kipande juu ya kipande, akainyoosha mbele. Si kwangu. Kwa mtani.

"Haya," akasema.

Mtani alielewa kabla yangu. Kuzika ni kazi ya watani. Aliipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo uani, nikasikia jembe linaingia kwenye mchanga karibu na mpapai. Na hapo ndipo sauti yake ilipomrudia. Alianza kupiga kelele kama anavyopigaga msibani, mtaa mzima usikie: "We kalibu la Kimakonde! Kolekole umewamaliza wote, plastiki ya Mnyamwezi ndiyo imekushinda kumeza! Lala huko, tena usije ukaniota! Na anayetaka nifukie alete kuku!" Majirani wakaanza kucheka ng'ambo ya ukuta. Jembe linapiga, yeye anatukana, watu wanacheka.

Mabega ya mume wangu yakaanza kutikisika. Nikashukuru Mungu, nikadhani anacheka. Nikazunguka kitanda upande wa pili ili nicheke naye. Alikuwa analia, kwa jicho moja, lile la upande uliobaki mzima. Nikakaa nikamshika mkono. Kidole gumba chake kilikuwa bado kinatembea, sasa kwenye kiganja changu, kinatafuta magamba.