Machozi Yangu Yamempa Mume Wangu Alama za Juu

(Aliyetuandikia anaishi Tabora. Jina lake tunalo, na halitatoka humu ofisini. Msomeni mpaka mwisho ndipo mumjibu.)

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Puge, nimeolewa hapa Mtendeni. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mume wangu ni karani. Tulijaliwa mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, na kwa kuwa Unyamwezi kote mapacha huitwa hivyo, bado sijajitaja. Mwaka juzi Kulwa alifariki kwa homa. Alikuwa na miaka miwili.

Kwetu pacha akifa haliliwi. Wazee wanasema ukimlilia atamwita mwenzake. Basi nikafunga mdomo. Siku ileile watu wakaacha kuniita Mama Kulwa, nikawa Mama Doto, utafikiri yule mwingine sikumzaa mimi. Mama mkwe alikaa mlangoni akinichunga uso. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kinyamwezi, "baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, mabega yamechubuka, hakulia. Wewe unataka kulia nini?" Nikameza.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameanza kusoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi za watu, na chuo kimoja cha Uingereza. Masomo yalikuja kwa posta. Alitaka awe mtaalamu, wa kwanza miongoni mwetu, watu wenye huzuni waje kwake badala ya kwenda kwa waganga. Nilijivuna naye, nisiseme uongo. Kisha Jumapili moja tulipotoka kanisani akanikalisha kitini akaniambia, "Mama Kulwa, hebu nieleze habari za mtoto wetu." Wasomaji, karibu mwaka mzima hakuna aliyeniita hivyo! Nilimwaga yote. Nilivunja mwiko nikalia mbele yake kwa sababu nilidhani na yeye anaumia. Tulikaa hivyo Jumapili tano mfululizo. Kitu kimoja tu kilinishangaza: hakusema pole hata mara moja. Hata mpita njia husema pole. Nikajiambia ndivyo wanaume walivyo.

Haukupita muda mama mkwe akaja amefura, eti amesikia namlilia pacha, akamchukua Doto kwenda naye kwake Itetemia. Nilimshika miguu. Mume wangu alikuwa amesimama palepale akitazama saa yake.

Mwezi uliopita nikifanya usafi nikaliona daftari lake. Kiingereza sikijui, lakini yeye huandika kwanza kwa Kiswahili ndipo atafsiri. Nilisoma: "Nimwite Mama Kulwa ili afunguke. Nisiseme pole, itaharibu majibu. Leo amelia dakika kumi na mbili." Nikafunua ukurasa wa pili: "Kumwondoa mtoto aliyebaki kwa wiki mbili na kuangalia hali ya mama. Nimemwambia mama yangu habari za machozi, atakuja kumchukua." Kumbe ni yeye! Mama mkwe nilimlaani bure, au tuseme nusu bure, maana zile wiki mbili sasa ni miezi mitano na amekataa katakata kumrudisha.

Nilimwuliza mume wangu. Hakuona hata haya. "Daktari humpasua mtu ili ajifunze," alisema. "Mimi nimekupasua wapi?" Akanionyesha barua ya walimu wake. Kazi yake imepata alama za juu kuliko za wenzake wote, na wako tayari kumchukua akasome kwao miaka mitatu. Limebaki jambo moja. Katika ripoti aliandika kwamba kwa ufundi wake mimi nimepona, na mwezi ujao daktari mmoja wa Kizungu atakuja na mkalimani kuzungumza nami ili athibitishe. "Sema umepona," akaniambia, "na kesho yake nitakwenda mwenyewe Itetemia kumleta Doto. Ukisema vingine, ng'ombe wa mahari nilitoa, mtoto ni wa kwetu. Utarudi Puge mikono mitupu."

Juzi nilimwona Doto sokoni, amebebwa na wifi yangu. Nilimwita. Akanitazama, akaficha uso shingoni kwa wifi, akauliza, "Shangazi, yule ni nani?" Nilirudi nyumbani bila hata chumvi niliyotumwa.

Msiniandikie nivumilie, hilo nimelifanya sana bila msaada wa gazeti. Wala msiniambie niende kwa wazee, wazee ndio hao. Nikisema nimepona, nampata mwanangu, na mume wangu anapata ruhusa ya kukaa na wafiwa maisha yake yote na kuwafanyia alivyonifanyia mimi. Nikisema kweli, nampoteza mtoto wa pili, na huyu yu hai, anakula, anacheza, yuko mwendo wa saa moja tu kutoka ninapoandika. Moyo wangu unataka kusema uongo. Naomba mlijue hilo kabla hamjanijibu.

Nishaurini, nifanye nini? Wewe mama uliyefiwa, unayesoma hapa, ndiye hasa ninayekuuliza: siku utakapoketi mbele ya mtaalamu huyo, ukajua kwamba ni mimi niliyemthibitisha, utanisamehe?